Kitufe cha Marahaba

Ukitoka lango kuu la kiwanda cha rangi ukavuka barabara, utakuta baraza lenye benchi moja refu la mbao, na ukikaa hapo kwa vikombe viwili vya kahawa utayajua mambo ya kiwanda kuliko mkurugenzi wake. Kulia mwa benchi kuna kibanda cha mchonga mihuri, ambaye hakuna anayemwita kwa jina lingine ila Muhuri. Kushoto kuna cherehani ya Dada Sindano, anayeshona huku anasikiliza, na hakosi la kusema hata pini zikiwa mdomoni. Spana, fundi wa pikipiki, hukaa katikati, kwa sababu gereji yake ni kile kipande cha ardhi kilicho mbele ya benchi. Buli ndiye mwenye birika; anauza kahawa kwa vikombe vidogo visivyotosha kumaliza hoja moja, na huo ndio ujanja wa biashara yake. Siku hiyo barabara ilikuwa imezibwa. Malori kumi na manne yalijipanga kutoka langoni hadi kwenye kona, matupu, tangu asubuhi, na madereva walishachoka hata kupiga honi.

Saa nane na nusu mkuu wa ghala akatoka langoni. Mtungo wa funguo ulikuwa unampiga pajani, na alipita katikati ya malori bila kumtazama dereva hata mmoja. Kijiweni anaitwa Funguo, na kusema kweli jina hilo analipenda kuliko alilopewa na babake, maana la babake alilikuta tu, hili amelifanyia kazi miaka thelathini na mmoja. Akakaa. Benchi likalia.

— Buli, nipe kahawa. Chungu.

— Yote chungu, mzee wangu. Mbona leo mapema? Wewe si mtu wa saa kumi na moja?

— Nimetolewa.

Dada Sindano akaondoa mguu kwenye pedali.

— Umetolewa kazini?

— Bado. Nimetolewa mkutanoni. Nimeambiwa nikafikiri.

— Basi umefika, alisema Spana. Hapa ndipo penyewe.

Funguo hakucheka. Aliyemtuma akafikiri ni mama mkurugenzi, mtu mwenye sauti ya upole, na wafanyakazi wote wanajua kwamba sauti hiyo ikizidi upole ujue mtu anaondoka. Funguo akaiigiza kwa taabu.

— Kaniambia, "Mzee wangu, saa kumi kamili rudi ofisini, uniambie kwa nini kile kitufe kirudishwe. Ukiwa na sababu tutaona. Ukikosa, tutakifuta kabisa, na funguo za ghala atashika mwingine."

— Kitufe kipi?

Funguo akanywa kwanza.

— Cha Marahaba.

Spana alipaliwa na kahawa. Muhuri, ambaye alikuwa kibandani akijifanya ana kazi, akatoka na patasi mkononi.

Asiyejua aambiwe. Mwaka uliopita kiwanda kilinunua mfumo. Kabla ya hapo mauzo walikuwa na daftari lao, ghala lake, usafirishaji lao, na mafaili ya wafanyakazi yalikuwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake, naam, alikuwa nao Funguo. Mfumo ulikuja kuwafunga wote kamba moja: mauzo wakiandika ombi, linatokea kwenye kompyuta ya ghala, ghala likishatoa mzigo, langoni kinachapwa kibali, lori linaondoka. Siku ya majaribio Funguo alikalishwa mbele ya skrini, koti limepigwa pasi, wakubwa wote wamesimama nyuma yake. Likatokea ombi kutoka kwa binti wa mauzo, binti aliyezaliwa wakati Funguo ameshazoea ghala lile hata gizani. Lilikuwa na jina la rangi, idadi ya makopo, na chini kabisa, kwa kijani, neno moja: TOA. Hapakuwa na salamu wala tafadhali. Toa, kama unavyomwambia mtoto atoe kidole mdomoni.

Funguo alisimama, akakirudisha kiti chini ya meza, akasema mbele ya wakubwa wote: "Mimi siamrishwi na kompyuta." Akaondoka.

Waliouza mfumo walikuwa vijana wawili na binti mmoja. Binti alieleza kwamba ni vizuri kwanza watu wautumie kama ulivyo, angalau miezi mitatu, na kwamba kila watakachokibadilisha kitawasubiri mbele siku toleo jipya likija. Hakuna aliyemsikiliza. Wale vijana wawili walitazamana, wakasema neno wanalolisema mafundi wote mbele ya mteja mwenye hasira: inawezekana.

Na ikawezekana. Kila ombi kutoka kwa aliye mdogo kwa Funguo likaanza na "Shikamoo mzee", na chini yake kikawekwa kitufe cha manjano kilichoandikwa MARAHABA. Mpaka Marahaba ibonyezwe, TOA inakaa imefifia, haibonyezeki hata ukiipigia magoti.

— Ilipendeza, nisiwe mwongo, alisema Funguo. Unafika asubuhi unakuta shikamoo thelathini zinakungoja.

— Thelathini, alisema Dada Sindano. Mimi nina watano nyumbani, na zikifika tatu najua kuna kitu kimevunjika.

— Sasa kimeharibika nini? aliuliza Spana.

— Toleo jipya. Limeingia Jumamosi. Kila kitu kimehamishwa, skrini nzima haitambuliki. Shikamoo zimebaki. Marahaba imetoweka.

Spana aliweka kikombe chini.

— Kwa hiyo wanakusalimia, alisema Spana polepole, na huwezi kuitikia.

— Mpaka natoka zilikuwa tisini na mbili.

— Na bila kuitikia huwezi kutoa.

— TOA imefifia. Na langoni hawafungui bila kibali cha mfumo. Ndo hayo malori.

Muhuri aliyatazama malori kwa furaha ambayo hakuificha vizuri. Tangu mfumo uje, kiwanda hakijamwagiza hata muhuri wa "IMEPOKELEWA".

— Mimi nilisema. Muhuri haugomi. Unauloweka wino, unagonga, mzigo unakwenda. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Hiyo inahusu nini hapa? aliuliza Spana.

— Kamba. Si umesikia wamefungwa kamba moja?

Buli alijaza vikombe bila kuombwa. Mazungumzo ya namna hii huyajua yanakoelekea, na huandika kichwani nani kanywa vingapi.

— Tusikimbilie lawama, alisema Spana. Mimi nitawapa ya kifundi. Mteja wangu mmoja alitaka nimwekee honi ya lori kwenye pikipiki. Nikamwambia haifai. Akasema yeye ni mtu mzima, anataka watu wampishe. Nikaweka. Sasa kila akipiga honi, taa inazimika. Usiku watu wanampisha, ila yeye haoni anakokwenda.

— Kosa la nani hapo? aliuliza Funguo, akitumaini kidogo.

— La waya.

— La aliyesema inawezekana, alisema Dada Sindano. Hata kwangu mimi huja watu na suti ya dukani, nipunguze bega. Nikipunguza bega, mkono unapanda. Nikishusha mkono, mfuko unakaa mgongoni. Mwisho mtu ananiuliza mbona suti yake haifanani na ile ya dukani.

— Samaki mkunje angali mbichi, alisema Muhuri kwa uzito. Nyinyi mlifanya vizuri. Mliukunja mfumo ungali mbichi.

— Basi mbona umevunjika? aliuliza Spana.

— Umevunjika kwa sababu asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni Funguo. Mfumo haukumsikia.

Hapo hata Funguo, aliyekuwa anatetewa, alijua hatetewi. Alitazama saa yake. Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Alikuwa na miaka mitatu kabla ya kustaafu, na aliogopa. Si mshahara uliomtia hofu. Wangempa tu meza kwenye kona fulani na kalamu ya kuchezea. Aliogopa kupita kwenye lango lile mfuko ukiwa mwepesi, walinzi wakimwona anakuja bila mlio wa funguo.

— Nisaidieni sababu, jamani. Niseme nini saa kumi?

— Sema heshima, alisema Spana.

— Heshima nilisema. Mama akaniuliza, "Walipokuwa wanaandika kwenye daftari, mzee wangu, walikuwa wanaandika na shikamoo?"

— Ukajibuje?

— Ndipo nikatolewa.

Dada Sindano alichomoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye mto wake.

— Na walikuwa wanaandika?

— Waandike ya nini? Walikuwa wanakuja wenyewe. Funguo alikigeuza kikombe cha kahawa kilichokwisha, akakitazama ndani. Walikuwa wanakuja dirishani. Wa mauzo, wa maabara, wote. Shikamoo mzee, habari za nyumbani, goti lako linaendeleaje, mwanao amefaulu? Ndo tunaandika. Siku hizi haji mtu. Siku ya kwanza ya mfumo nilikaa pale dirishani kutwa nzima sikuona sura ya mtu.

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, lakini Dada Sindano hakurudisha mguu kwenye pedali.

— Ungeomba hilo basi, alisema. Ungesema mara moja kwa wiki watu waje ghalani. Hilo lisingehitaji waya.

— Sikulijua wakati ule. Nilijua nina hasira tu.

Spana hapendi huzuni ikikaa kwenye benchi, kwa hiyo akaisukuma.

— Na yule mkuu wa usafirishaji? Hebu tuambie tena.

Hadithi hiyo benchi zima inaijua, lakini ni ya kurudiwa. Ili mfumo ujue nani amsalimie nani, ulilazimika kuunganishwa na mafaili ya wafanyakazi, kwenye tarehe za kuzaliwa. Ikagundulika kwamba mkuu wa usafirishaji, aliyekuwa akijitapa kwa mvi zake, ni mdogo kwa Funguo kwa miezi miwili. Kila asubuhi maombi yake yakawa yanaingia ghalani na shikamoo. Hakulala. Akamwendea mtu wa masjala, wakazungumza, akaongezewa miaka mitano. Wiki iliyofuata yeye ndiye akawa anasalimiwa, na alitembea kwenye korido kwa mabega. Mwisho wa mwezi mfumo, ambao haujui mchezo, ukamchapia barua ya kustaafu, na hongera ndani.

— Mcheza kwao hutunzwa, alisema Muhuri.

— Alitunzwa kweli, alisema Spana. Mpaka leo anazunguka na cheti cha kuzaliwa.

— Baada ya hapo ndo kila mtu akataka lake, alisema Funguo. Mauzo wakasema kama Funguo kapewa, na sisi tunataka rangi ziitwe kama wateja wanavyoziita. Ile ya kijivu ikaandikwa Mama Mkwe. Maabara wakaitafuta wiki nzima, hawakujua wachanganye nini. Walinzi wakataka kibali kiandikwe "Safari njema". Yamefika mabadiliko sitini na moja. Leo kayaorodhesha yule binti wa mfumo, kayabandika ukutani. La kwanza kabisa limeandikwa: aliyeomba, mkuu wa ghala.

— Na wale vijana waliosema inawezekana? aliuliza Dada Sindano.

— Wameacha kazi. Wanafuga kuku.

— Wote wawili?

— Pamoja. Binti kafungua kazi yao aone waliunganisha wapi. Hakuna maelezo. Kakuta mstari mmoja tu: "Mzee wa stoo kataka."

Ilikuwa saa tisa na robo. Dereva mmoja akapiga honi fupi, ya kukumbushia tu, akaacha.

— Mimi nimeshaelewa, alisema Muhuri. Marahaba haikutoweka. Imejificha.

— Inajificha kitufe?

— Kimekasirika. Funguo, niambie kweli, ulikuwa unaibonyeza kwa moyo?

Funguo alijikuna shingo. Hakupenda swali hili, na kila mtu aliliona hilo usoni.

— Mwanzoni, ndiyo.

— Baadaye?

— Zilikuwa nyingi. Shikamoo sitini, sabini kwa siku, mzigo unangoja, malori yananguruma. Nikamwambia karani wangu azibonyeze yeye.

— Karani wako yupi? aliuliza Dada Sindano. Yule mwenye miwani?

— Huyo.

— Ana miaka ishirini na sita yule. Kwa hiyo kiwanda kizima kimekuwa kikiitikiwa marahaba na mtoto wa juzi.

— Tangu lini? aliuliza Spana.

— Mwezi wa pili.

— Wa pili wa mwaka huu?

— Wa pili tangu kiwekwe.

Spana alijiinamia. Mabega yake yalikuwa yanacheka bila ruhusa yake. Muhuri alinyanyua patasi kama shahidi mahakamani.

— Umeona? Mashine imegundua. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Muhuri, hiyo hata wewe huielewi.

— Siielewi, lakini inafaa.

Buli, ambaye kwa kawaida husema neno moja kwa kikao, aliweka birika chini. Buli akiweka birika chini, watu husogea.

— Mnakosea wote. Simu yangu hii ikizimika kwa kukosa chaji, ikiwaka inasema ni mwaka ambao babu yangu alikuwa hajaoa. Kwa nini? Kwa sababu haijui mwaka. Mashine isipojua tarehe inarudi nyuma kabisa. Sasa toleo jipya limeingia Jumamosi. Nani kaliandikia tarehe ya kuzaliwa?

Wakatazamana.

— Hakuna, alisema Funguo.

— Basi limejiwekea ya zamani hizo. Mfumo sasa hivi una miaka mia na ushee. Ni mkubwa kuliko nyote mle ndani. Hauwezi kumpa Funguo kitufe cha marahaba, kwa sababu Funguo ni mtoto. Unangoja yeye aanze.

 Spana alianza kuhesabu kwa vidole, akitafuta pa kupingia. Ubaya wa nadharia ya Buli ni kwamba ilikuwa na hesabu ndani yake.

— Inaingia akilini, alisema Muhuri.

— Haiingii hata kidogo, alisema Dada Sindano. Lakini kujaribu si dhambi.

Na Funguo, mtu mzima, baba wa watoto wanne, mwenye dakika arobaini tu mkononi, akatoa simu akampigia karani wake. Mtu anayezama haulizi kamba imesokotwa na nani.

— Uko mbele ya kompyuta? Sawa. Hebu isalimie.

Sauti ya karani ilisikika mpaka kwenye cherehani.

— Niisalimie nini, mzee?

— Kompyuta. Iambie shikamoo.

— Niandike au niseme?

Funguo akamtazama Buli. Buli akafikiri, akaonyesha mdomo.

— Sema. Kwa sauti.

 Kisha, kwa mbali, wote walisikia karani, binti wa watu, akiiamkia mashine, na nyuma yake mtu fulani akiangua kicheko.

— Nimesema, mzee. Imenyamaza. Ila imeingia shikamoo nyingine, ya mauzo. Sasa ni mia moja na nne.

Funguo akakata simu. Alijua kwamba hadithi hii itafika kwa mkurugenzi kabla yake, na kwamba kwa miaka mitatu iliyobaki, kama ipo, ataisikia kila Ijumaa.

— Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, alisema Spana, na hiyo ilikuwa methali ya kwanza siku hiyo kukaa mahali pake, kwa hiyo iliuma.

Wakati huo dereva wa lori la tatu alikuwa ameshuka na kuvuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, kofia imerudishwa nyuma, kandambili miguuni, kwa sababu viatu alishavivua tangu saa nne.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia wazee.

— Mimi usinihesabu humo, alisema Dada Sindano. Karibu, shoga. Kaa.

Dereva alikaa, akapokea kikombe, akanywa nusu, akanyoosha kidole gumba kuelekea langoni.

— Naambiwa humu ndani kuna salamu imekwama.

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja, kila mmoja na yake, honi ya lori na suti ya dukani na samaki mbichi na umri wa mashine, na Funguo akasema ya kwake mwisho, kwa kifupi, kwa sababu lori lililokuwa linangoja lilikuwa la huyu. Dereva alisikiliza bila kucheka. Hilo lilimfariji Funguo kidogo, kisha likamtia wasiwasi.

— Mimi napakia vigae kiwanda kingine, alisema dereva. Nafikiri wana mfumo kama huu huu. Rangi zake zile zile, kijani chini. Nafika, jamaa wa ghala anagusa, kibali kinatoka, naondoka. Hata chai sijawahi kuimalizia.

— Hao hawakuubadilisha, alisema Spana.

— Sijui. Sikuwauliza. Akamgeukia Funguo. Kaka, nieleweshe kitu kimoja. Hiyo Toa iliyokukasirisha siku ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa wapi?

— Chini ya ombi. Kwa kijani.

— Kama maandishi tu?

— Hapana, ndani ya kisanduku. Ni kitufe.

— Kikibonyezwa?

— Mzigo unatoka kwenye hesabu ya ghala. Kibali kinachapwa langoni.

— Anayekibonyeza nani? Yule binti wa mauzo?

— Mauzo hawakioni. Kiko kwangu. Nakibonyeza mimi.

Dereva alimalizia kahawa yake. Hakuwa anamtega, alikuwa anauliza kama mtu aliyekaa juani kwa saa saba na anataka kujua kwa ajili ya nini.

— Sasa kaka yangu, kama kitufe ni chako na kidole ni chako, hiyo Toa nani alikuwa anamwambia mwenzake? Mashine ilikuwa inakuambia wewe, au wewe ulikuwa unaiambia mashine?

 Muhuri alitazama patasi yake pande zote mbili. Buli aliinua birika amjazie mgeni, likatoa tone moja na mvuke kidogo, akalirudisha chini, na hakuna aliyelalamika. Dada Sindano alimtazama Funguo, akaacha kumtazama.

Funguo aliiona ile siku upya, skrini na kisanduku na neno lake moja, na mara hii neno halikuwa na sura ya binti wa mauzo nyuma yake. Lilikuwa limekaa pale linangoja kidole chake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Mabadiliko sitini na moja, barua ya kustaafu ya mtu wa watu, malori kumi na manne, na yeye hakuwahi kukibonyeza kitufe kile hata mara moja kama kilivyokuja.

— Saa ngapi? aliuliza.

— Tisa na dakika arobaini na tano, alisema Spana.

Alisimama. Akaweka hela ya kahawa kwenye sinia la Buli, akarekebisha kola, akashika funguo zisilie.

— Umepata sababu? aliuliza Dada Sindano. Utamwambia nini?

— Nitamwambia wakiondoe, alisema Funguo. Mabadiliko yote sitini na moja, kuanzia langu. Na nitamwambia kwamba amri ilikuwa yangu tangu siku ya kwanza, ila nilidhani naamrishwa.

Akavuka barabara. Alipita katikati ya lori la pili na la tatu, na safari hii aliwatazama madereva, mmoja mmoja, akiwasalimia.